Majibu ya Mama Kipepeo

Utotoni mwangu, magharibi mwa Sydney, uani kwetu palikuwa na mti ambao majirani waliulaani kwa sababu ya miba ya matunda yake. Bibi mmoja tu aliuamkia kila asubuhi. Alikuwa Mmiao wa milima ya kusini mwa China, bibi yake Wei, mwanafunzi mwenzangu. Kwao, mti wa jamii hiyo ndio uliomzaa Mama Kipepeo, naye akataga mayai walimotoka watu na wanyama.

Habari hizo zilikuwa wimbo mrefu wa kujibizana: mmoja huimba swali, mwingine huimba jibu, la sivyo wimbo hausogei. Wei aliona haya. Mimi, mtoto wa Kikongo niliyezoea kuitikia hadithi, nikawa mwitikiaji. Nilikariri majibu kwa sauti tu, Wei akanieleza maana, bibi akanipa karanga.

Kisha mizizi ikapasua mabomba, choo kikafurika. Bibi akaja na Wei kumsihi baba.

"Anasema ukiukata, Mama Kipepeo atakosa nyumba, na nyimbo zitamkimbia," Wei alitafsiri.

Baba, aliyetoka kazini ghalani Wetherill Park, alimpa bibi kiti kwanza. "Mwambie koko yako anisamehe. Lakini choo ikijaa tena, ule kipepeo njo atakuya kuzibua?"

Wei hakulitafsiri hilo. Mti ukakatwa.

Kabla mwaka haujaisha, bibi alianza wimbo barazani kwake, akafika kwenye swali, likampotea. Nilingoja. Mwishowe niliimba jibu, nikidhani namsaidia. Alinitazama kama mgeni, akaingia ndani. Hakuimba tena.

Leo nauguza wazee Parramatta, na jina la ugonjwa ule wa kusahau nalijua. Labda ulianza kabla ya msumeno. Hata hivyo, nikikutana na mti wa aina ile njiani, naona aibu kuupita.

Majuto ni mjukuu, na yangu yaliletwa na mjukuu mwenyewe. Juzi Wei alinitafuta, akitaka binti yake ausikie wimbo wa bibi. Nilimfundisha mtoto jibu la kwanza. Alilishika upesi, akajiweka sawa kwenye kochi, akanikazia macho, akingoja niimbe swali.

Sikuwa nalo. Maana yake naijua, lakini maneno na sauti bibi alikwenda navyo. Alikuwa tayari kunifundisha chochote, nami nilitosheka na kujibu. Sasa wimbo umempata wa kuujibu, na wa kuuanza hayupo.