Jumanne ya Josna

Kila aliyepata kupeleka mahindi Ipuli anamjua Josna, yule binti wa Kihindi mwenye mashine ya kusaga, nyusi zimejaa unga na ulimi haujui kunyamaza. Kazaliwa Tabora, kakulia Tabora, na ukimtania kwa Kinyamwezi atakujibu kwa Kinyamwezi. Ana miaka thelathini na tatu na hajaolewa. Si kwa kukosa sura. Ni kwa sababu ya nyota.

Alipozaliwa, baba yake, ambaye sasa ni marehemu, alimpigia simu mnajimu wa ukoo kule India, akamtajia saa. Mnajimu akapiga hesabu, akatoa hukumu: mtoto ana Mangal, nyota nyekundu inayoua waume. Basi posa zikawa zinaingia mlangoni na kutokea dirishani. Mama yake, Kanta, akashika kufunga kila Jumanne, siku ya nyota hiyo, akiomba hasira zake zipoe.

"Sasa kama kwenu mambo yameshaandikwa," Mama Pelagia, jirani yao wa Kimoraviani, alimuuliza siku moja akisubiri debe lake lisagwe, "mnaomba ya nini?"

"Mama, unga ukishasagwa haurudi kuwa mahindi," Josna alimjibu, akikung'uta mfuko. "Hayo ndiyo matendo yangu ya zamani, ya maisha haya na ya kabla yake. Lazima niyale. Lakini uji au ugali, hilo ni la mpishi. Na msimu ujao nitapanda nini, hilo nalo ni langu. Maombi ni moto wa jikoni. Hayabadilishi unga, ila bila hayo utaula mbichi."

Pelagia akacheka, akasema huyu angefaa kuhubiri.

Mwaka huu akatokea Hitesh, fundi kutoka Mwanza, aliyekuja kutengeneza mota ya mashine akasahau kuondoka. Josna alimpenda, wala hakuficha. Akabaki mama yake Hitesh, naye alifika nyumbani kwao mgeni na sharti mkononi: kwanza Josna aozwe mgomba, kama desturi inavyotaka, kisha mgomba ukatwe. Nyota ikishaua mume huyo wa kwanza, itakuwa imeshiba.

"Mtoto wa usiku wa manane mwenye Mangal hachezewi," mgeni alisema, akipuliza chai; saa hiyo aliipata kwa mnajimu yule yule.

Kanta akatua sinia. "Usiku gani? Josna kazaliwa saa mbili asubuhi. Jua liko dirishani, wodi nzima ya Kitete inakunywa uji."

Wakatazamana. Hitesh ndiye aliyeelewa kwanza. Marehemu alikuwa mtu wa Tabora hata akiongea na India: alitaja mbili ya asubuhi kwa saa zetu, zinazoanza kuhesabiwa jua likichomoza. Mnajimu akaipokea kwa saa za kwao, ambako mbili hiyo ni usiku wa giza. Saa sita zikapotea njiani, na mtoto wa watu akabebeshwa jina la muuaji. Inakera.

"Basi hesabu ipigwe upya," mgeni alisema, uso umemchangamka.

"Hapana," alisema Josna.

Akasimama. "Ikija nzuri, nitakuwa nimeolewa kwa ruhusa ya nyota. Ikija mbaya, mtanirudishia mgomba. Siendi kwa mgomba na siendi kwa mnajimu. Hitesh akitaka, abaki. Asipotaka, mota imeshapona."

Mama mtu akamtupia mwanawe jicho la kumwinua. Hitesh akaomba chai nyingine.

Kanta alikuwa analia. "Na Jumanne zangu zote? Nimefunga kwa ajili ya kosa?"

Josna akapiga magoti mbele yake. "Hazikupotea, Mama. Nyota hukuisogeza. Ila kila wiki nilikuona unaikatalia hukumu ile kwa tumbo tupu, na mimi nikajifunza kukataa. Ulimi huu umetoka wapi?"

Mgeni akaguna. Akaomba angalau siku ya harusi iwe njema.

"Jumanne," Josna akasema.

"Jumanne mimi nafunga," Kanta alisema, akijifuta machozi.

"Hiyo utakula."