Bokilo Akikuvunjia Ukuta

Bado naikumbuka siku ile mama yangu alipokataa kuketi sebuleni kwangu. Ndiyo maana, mwanangu, nimekuita kabla hujaanza kazi yako. Nasikia unataka kupanua nyumba, na kazi yote umemwahidi kaka wa mke wako. Keti. Nitasema taratibu, ila usinikatize.

Wewe ulikuwa bado unanyonya. Tulikaa mtaa wa Kabondo, katika nyumba ya matofali ya zamani, na papa yako alitaka kuondoa ukuta kati ya sebule na chumba kidogo apate mahali pakubwa pa kupokea wageni. Kazi akapewa kaka yangu Dido. Dido alikuwa fundi kweli, alijua kupiga lipu mpaka ukuta unateleza. Kuondoa ukuta uliobeba paa, hiyo sijui kama aliwahi kuifanya, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Angeulizwaje? Kwa papa yako alikuwa bokilo, jina wanaloitana wakwe na mashemeji wote, na sisi huku ndugu wa mke hahojiwi. Anapewa kiti cha kwanza na kipande kikubwa cha samaki, na unaongea naye macho chini.

Dido akavunja ukuta, akapitisha boriti ya mbao juu, akaiegemeza kwa nguzo. Kitanda chako tukakiweka pembeni hapo hapo mpaka kazi iishe. Baadaye nguzo akaihamishia kwenye kazi nyingine mtaa wa Makiso, akasema boriti peke yake inatosha. Papa yako akamshukuru.

Kisha vumbi likaanza kudondoka, kidogo tu, juu ya neti yako ya mbu. Ufa ukatokea juu ya mlango wa mbele, na mlango wenyewe ukaanza kukwama. Unajua papa yako alifanya nini? Alichukua randa akaupunguza, ukafunga vizuri. Haukupita muda ukakwama tena, akaupunguza tena. Mimi nilikuwa nakunyonyesha huku nimetega sikio juu, nikisikia mbao zinalia. Nikimwambia aongee na Dido, ananijibu kwamba bokilo atasema tunamdharau. Nami sikutaka kumwaibisha kaka yangu mbele ya mume wangu. Basi tukanyamaza wote wawili, tukaishi chini ya kitu tulichokiogopa.

Mama yangu akaja kutoka Yanonge kwa mtumbwi wa injini, na samaki wake wa kukausha, aje aone hiyo sebule inayosifiwa. Mlango ukagoma kufunguka. Papa yako akausukuma kwa bega, akacheka, akaeleza kwamba jioni ataupiga randa. Mama akatazama maranda yaliyojaa chini, akatazama ufa, akakataa kiti.

"Bokilo," akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "mulango haina kosa. Nyumba ndiyo inashuka. Weye unaogopa uso ya mutoto yangu Dido kuliko kuzika mutoto yako?"

Mama akakubeba mgongoni, nami nikamfuata uani. Upepo wa mvua ulikuwa umeanza kuvuma kutoka upande wa mto. Papa yako, kwa aibu nadhani, akarudi ndani kuchukua godoro lako, na upepo ukaupiga mlango ukajifunga nyuma yake. Nikamsikia anauvuta. Nikamsikia anauvuta tena, na juu yake mbao zikalia kwa namna ambayo sijaisikia tena na naomba nisiisikie. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Akatokea dirishani, kichwa kwanza, majirani wakamvuta kwa mikono na kwa shati, na mara mabati na matofali yakashuka pale alipokuwa amesimama. Vumbi lilipotulia niliona boriti imelala juu ya kitanda chako.

Dido alikuja mbio, akaona, akakaa chini kwenye matope. Nilidhani atajitetea. Akasema, "Miye pia nilikuwa naogopa. Nilikuwa nangojea mwenye nyumba aseme. Bon, hakusema."

Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo kuliko paa lenyewe. Watu wazima watatu walijua, na kila mmoja alikuwa anamstahi mwenzake.

Kwa hiyo, mwanangu, sikia ninachokuomba. Bokilo wako mheshimu, mpikie, msindikize mpaka barabarani. Mtu wa kubomoa ukuta mtafute nje ya ndoa yako. Nenda kwanza uone nyumba aliyoirekebisha, uongee na wanaoishi ndani yake bila yeye kuwapo. Muulize ukuta huu umebeba nini na nguzo zitakaa mpaka lini, na asipokuwa na jibu, muage kwa adabu. Watoto walete kwangu mpaka kazi iishe, hata kama atakuapia kwamba hakuna hatari. Bokilo akinuna, mwambie ni mama aliyekataa. Lawama hizo nitazibeba mimi, umri wangu unaniruhusu. Lakini nyundo mpe mtu ambaye unaweza kumwambia asimame.

Mungu akupe mdomo wa kusema mapema, na wajukuu wangu wakue chini ya paa ambalo hakuna anayelitegea sikio.