Kimya cha Wambui

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundisha kamera kama ninayefundisha mbele ya mkaguzi wa shule. Nilikuwa nimetoka Gitothua asubuhi nikiwa na suti ya kijani niliyovaa kwenye harusi ya dada yangu, nikafika studio pale Thika, ghorofa ya juu ya jengo lililokuwa zamani ghala la mahindi. Walinibana mikrofoni ndogo kwenye kola, wakawasha taa, nikaanza. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu wa darasa la nne, mwenye sauti, na kazi yangu niliijua. Nilimaliza somo la sehemu, yaani nusu, theluthi na robo, bila kukosea hata neno, nikasimama ningoje kusifiwa.

Mtayarishaji Mkuu, yaani mtu anayeshikilia kipindi tangu kinapoandikwa mpaka kinaporushwa hewani, alikuwa mzee mnene wa maneno machache. Alikuna kidevu.

"Mwalimu, ulikuwa unafundisha nani?"

Nikamwambia wanafunzi wa Kenya nzima, na nikalisema kwa maringo.

"Hao mimi siwaoni," akasema. "Namwona mtoto mmoja ameketi sakafuni kwao. Na hukumpa nafasi hata ya kufungua mdomo."

Niliudhika, siwafichi. Mimi, wa kutuliza darasa lililojaa mpaka mlangoni, niambiwe sijui kufundisha? Lakini yule mzee alinipa kitu ambacho chuo cha ualimu hakikunipa. Alisema ukiuliza swali kwenye televisheni, nyamaza. Tazama kioo cha kamera kama unayetazama uso wa mtu, na umngoje mtoto usiyemwona ajibu. Mtu wa televisheni huogopa kimya kuliko kitu chochote, kwa hiyo itabidi ujifunze. Chagua mtoto mmoja unayemjua, akasema, umngoje huyo.

Nilimchagua Wambui, msichana aliyekuwa akiketi karibu na dirisha darasani kwangu. Wambui hakuwa mjinga, alikuwa wa polepole tu. Wenzake walirusha majibu kabla hajamaliza kufikiria, mwishowe akaacha kujaribu. Basi tangu siku hiyo, kila nikiuliza swali nilisema moyoni: haya Wambui, fikiria, mami, hakuna anayekukimbiza. Nikimaliza kusema hivyo, naendelea na somo. Studio nzima ikakiita kimya cha Wambui. Msimamizi wa studio, yule anayetoa ishara za mikono kando ya kamera, aliinua ngumi nikianza kunyamaza, na hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa mpaka aifungue.

Baadaye nilihamishiwa chumba cha uhariri, ambako picha hukatwa na kuunganishwa. Wahariri walinicheka mwanzoni kwa sababu niliogopa kugusa mashine, nami nikawacheka walipoandika "theluthi" wakimaanisha robo. Kutoka huko nikapewa kipindi cha jioni cha watu wazima, cha kusoma na hesabu za biashara. Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia. Mtoto ana shule, lakini mtu mzima ana haya. Hawezi kuinua mkono mbele ya jirani aulize asilimia ni nini. Televisheni haimcheki. Fundi mmoja wa mabomba alinisimamisha sokoni Ruiru akaniambia amejifunza kupiga hesabu za mafundi wake akijifanya anawaangalia watoto wasigombane. Nilitembea mpaka nyumbani nikitabasamu peke yangu.

Kisha yule mzee akastaafu, akaja Mkurugenzi wa Vipindi mpya kutoka televisheni ya muziki. Kijana mtanashati, mwenye adabu, sina neno naye. Lakini alipotazama vipindi vyetu, kila nikinyamaza alibonyeza rimoti, akidhani picha imekwama. Akaniita ofisini. Ama vile vimya vikatwe, akasema, ama kipindi cha watu wazima kiondolewe jioni, kipelekwe saa za mchana. Mchana! Saa ambazo fundi wangu wa mabomba yuko juu ya paa la mtu. Hapo kipindi kingekuwa kimekufa, na wote tulijua.

"Mwalimu, ukinyamaza watu watahama," akasema.

"Basi twende ukawaone wakihama," nikamjibu.

Nilimpeleka mtaa wa Kiuu, kwenye saluni ya Mama Ciku, rafiki yangu, ambako televisheni haizimwi. Mama Ciku alinifunga taulo kichwani nisijulikane, tukaketi nyuma. Jioni hiyo somo lilikuwa la sehemu, halijakatwa kitu. Sakafuni walikuwa watoto wawili watatu wakingoja mama zao, na kwenye kiti mama mmoja wa kuuza viazi alikuwa akisukwa. Kwenye skrini nikauliza: chapati moja, baba amekula nusu, mama amekula nusu ya iliyobaki. Imebaki kiasi gani? Kisha nikanyamaza.

"Chapati imeisha," akasema Mkurugenzi, kwa sauti, kabla hajajijua.

Kasichana kamoja kakageuka, kakamtazama kama anayetazama mtu aliyevuka foleni. "Si ungoje," kakamwambia. "Mwalimu bado amenyamaza."

Saluni ikacheka. Yule mama wa viazi hakucheka, alikuwa akikata chapati kwa kidole juu ya goti lake. "Robo," akasema taratibu, na kasichana kakasema robo, na mwalimu wa kwenye skrini akasema ndiyo, ni robo. Mama wa viazi aliinua kichwa chote, nusu ya nywele zikamtoka msusi mikononi. Mkurugenzi alicheka mpaka akatoa leso. Tulipokuwa tunarudi, tukiingia Ruiru, akaniuliza.

"Huyo Wambui yuko wapi siku hizi?"

Nikamwambia sijui, wazazi wake walihama.

"Basi muachie kimya chake," akasema. Na kipindi kikabaki jioni.

Corona ilipofunga shule, masomo yetu yalirushwa kuanzia asubuhi hadi jioni, na kila nyumba iliyokuwa na skrini ikawa darasa. Nilistaafu baada ya hapo, na watu huniuliza kama kazi ya televisheni ina heshima ya ualimu wa kweli. Mimi huwaambia ninajivunia kazi yangu, nikiwa nimesimama wima.

Mwezi uliopita nilimtembelea binti yangu kwenye ploti anakopanga, vyumba vimebanana mpaka ukipiga chafya jirani anakuombea. Kwenye televisheni walikuwa wakirudia lile somo la chapati. Nikajiona kijana, na ile suti ya kijani, nikiuliza kisha nikinyamaza. Kupitia ukutani mtoto wa jirani akasema robo. Wa ghorofani akasema robo. Binti yangu akataka kuniambia kitu, nikainua ngumi.

Halafu kutoka chumba cha mwisho ikaja sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu ambaye hana hakika.

"Ni robo?"

Machozi yakanijia. Kwenye skrini nilikuwa bado sijafungua mdomo, nilikuwa namngoja.