Mtungi Wenye Kasoro Shingoni

Mwaka ule wanaume walirudi kutoka vita vya Wazungu, na duka la Igalula likajaa ndoo za bati. Kila mwanamke akataka yake. Maji ya ndoo ikifika adhuhuri yana moto wa kunyonyolea kuku, lakini nani alinisikiliza? Mimi na mitungi yangu tulibaki pale stesheni tukitazamana. Treni inakuja, abiria wananunua karanga na asali, inaondoka. Nami narudi nyumbani na mzigo uleule kichwani. Nilichukia hata mlio wa treni.

Ufinyanzi nilifundishwa na mama, naye alifundishwa na mama yake, aliyewauzia mitungi wapagazi wa misafara walipopita kwenda pwani. Nakshi yetu ilikuwa moja. Unachukua kamba nyembamba ya kusokota, unaiviringisha shingoni mwa mtungi udongo ukiwa bado mbichi, inaacha mistari mitatu. Kazi hiyo ilikula asubuhi nzima. Na mimi, nisiseme uongo, asubuhi hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko kitu chochote.

Mume wangu akasema, "Mama watoto, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wewe unatembeza kila siku. Acha hiyo kamba, finyanga mingi ya harakaharaka."

Nikamsikiliza, mjinga mimi. Nikafinyanga zaidi ya kumi, shingo tupu. Haukununuliwa hata mmoja. Tena sasa hata ile asubuhi yangu nilikuwa sina. Nilikuwa naamka nautazama udongo kama vyombo vichafu vya jana.

Kiangazi kile mama akaugua, nikamleta kwangu. Alikuwa haoni tangu zamani. Siku moja alisikia kiu, akapapasa mtungi uliokuwa karibu na kitanda. Vidole vikapanda mpaka shingoni, vikazunguka, vikarudi tena.

"Huu wa nani?"

"Nimenunua," nikasema.

"Kwani wewe umeacha?"

Loo, aibu niliyoiona! Nilitoka nje nikaivunja mitungi yote ile, nikaitwanga kinuni, maana sisi huchanganya unga wa vigae na udongo mpya ili mtungi usipasuke motoni. Mume wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Sasa umepata wazimu."

"Mfinyanzi hulia gaeni," nikamjibu. "Leo na wewe utalia humohumo."

Nikafinyanga mmoja, kwa kamba. Lakini mtungi hukaushwa siku nyingi kivulini, na mama hakuwa na siku nyingi. Nilikuwa namwona anavyokwisha. Basi nikampelekea ukiwa mbichi, juu ya ungo, nikauweka mapajani mwake.

Vidole vikafuata mistari polepole, vikasimama.

"Hapa umeruka. Ulikuwa unakimbilia wapi, mwanangu?"

Akabonyeza kwa kidole gumba kunionyesha, na udongo ukabonyea kweli, shimo zima. Tukacheka. Mama alicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa sijacheka tangu mvua zilipokatika.

Alifariki mtungi haujakauka.

Niliuchoma baada ya matanga. Lile shimo sikuliziba. Nikaendelea kufinyanga kwa kamba yangu, asubuhi nzima kwa kila mtungi, ingawa soko halikurudi na huzuni haikuondoka. Stesheni nilikwenda na mtungi wa mama pia, kwa maji yangu ya kunywa.

Siku moja treni ikasimama, akashuka mwanamke mmoja wa Tabora mjini, kavaa viatu. Akaipita mitungi yote niliyoipanga, akauinua ule wangu wa maji, akaugeuzageuza.

"Mzuri huu, dada. Ila una kasoro hapa shingoni. Utanipunguzia?"

Nikaupokonya mikononi mwake, maji yakammwagikia viatuni. Mwaka mzima nilikuwa namlilia Mungu aniletee mteja mmoja tu, na alipomleta nikamfukuza.