Mama mkwe wa dada yangu alivyochagua MP3 mbovu kuliko zote

Wakuu, mko poa humu?

Nimekuta vijana wanagombana kati ya faili za muziki za MP3 na FLAC ipi kali, nikacheka peke yangu. Hili sijasimuliwa na mtu, nililisikia kwa masikio yangu yote mawili.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, Mwananyamala. Dada yangu Zuhura alikuwa anaolewa. Mie na binamu yangu Shabani tukapewa kazi ya muziki, maana Shabani alikuwa na kompyuta (mtaa mzima ni yeye tu, na alijua kuringa).

Ishu ikaanza hapo.

Mie nataka MP3, wimbo unabanwa, zinaingia nyingi. Shabani hataki kusikia. "MP3 ni wimbo uliokondeshwa! Tupige WAV, wimbo mzimamzima."

Sawa, lakini disk za enzi zile, WAV chache tu imejaa. Bibi harusi hata hajaingia ukumbini muziki umeisha!

Tukanuniana. Zuhura akachoka: "Nyie mtaniaibisha. Mama mkwe anakuja mchana huu, ataamua yeye."

Hapo mjue huyo mama alikuwa hacheki na mtu. Zuhura alikuwa anamuogopa vibaya mno.

Tukaandaa taarabu moja kwa namna tatu: WAV, MP3 nzuri, na MP3 niliyoibana kupita kiasi, makusudi, asikie mbovu inavyokuwa. Mwimbaji kama kafunikwa ndoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akakaa, akafumba macho.

WAV ikapita hivihivi. MP3 nzuri, akapiga mwayo.

Ya ndoo ilipoanza, mabega yakacheza. Mara kasimama!

"Hii ndiyo sauti! Kama redio ya marehemu mume wangu!"

Shabani akajaribu: "Mama, hiyo imeharibika..."

"Yameharibika masikio yako."

Basi wakuu, harusi nzima tukapiga za ndoo. Wageni wanakuja kuninong'oneza eti spika zimeingia maji. Nafanyaje sasa?

Ila katikati ya ukumbi mama mkwe kajifunga kanga kiunoni, kamshika Zuhura mkono, wanacheza huku wanacheka hadi machozi. Bwana harusi alisimama na keki yake mkononi, hakuna aliyemuona.

Nilichojifunza: muziki mzuri ni ule unaomnyanyua mtu kwenye kiti, hayo mengine tunabishana tu.

Haya, nani kwenu aliwahi kuumbuliwa na mama mkwe mbele ya spika? Mwageni hapa, chai ninayo.