Upande wa Kusubiri

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuelewa ninafanya kazi gani. Mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba niko hospitali, ila sichomi sindano. Mjomba aliposikia kuwa nagawa watu kwa bahati nasibu, alinipigia simu kuomba nimpangie mkeka wa kubeti mechi za Jumamosi. Nimesomea takwimu za majaribio ya tiba na nimezeekea humo, lakini mtu akiniuliza kwenye stendi ya Kahama, najibu kwamba mimi ni mwalimu wa hesabu. Maswali yanaisha hapo.

Kazi yenyewe haina uchawi. Ukitaka kujua kama huduma inasaidia, unawapa baadhi ya watu, wengine wanabaki kama walivyo, kisha unalinganisha. Nani apate na nani abaki, hachagui daktari, hachagui mwenyekiti wa kijiji, wala sichagui mimi, maana kila mmoja wetu ana watu wake. Inachagua bahati. Hapo nilikuwa mkali kama pilipili. Nimegombana na madaktari wazima waliotaka mgonjwa mmoja tu, tena yatima, aingizwe upande wa dawa kwa huruma.

Utafiti huu ulihusu kifua kikuu kwenye vijiji vya wachimbaji wadogo, kuanzia Kahama kwenda Geita. Gari lenye mashine ya eksirei lingezunguka nusu ya vijiji kwanza, na nusu nyingine ingesubiri zamu yake mpaka mwaka unaofuata. Bahati nasibu tuliichezesha hadharani, uwanja wa ofisi ya kata, vikaratasi ndani ya ndoo. Kijiji chetu kilikuwemo. Niliwaambia wenzangu mapema, nikaenda kusimama mbali na ndoo. Mwenyekiti wetu akachomoa kikaratasi cha kusubiri. Kusema kweli nilijivuna, kwa sababu hakuna ambaye angesema nimependelea kwetu. Tukatangaza kwa kipaza sauti kwamba wanaosubiri waendelee kwenda zahanati kama kawaida, na anayekohoa asikae nyumbani.

Nilipotoka pale nilipitia kwa kaka yangu. Ndiye aliyenisomesha kwa tumbaku yake baada ya baba kufariki. Siku hizo tumbaku alikuwa ameiacha, anafanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na alikuwa anarudi nyumbani nyusi zimejaa vumbi jeupe. Wifi alituwekea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, lakini alikuwa amenuna.

"Wewe si ndiye mkubwa wao?" aliniuliza. "Hilo gari ulishindwa kutuletea sisi?"

Kaka akamnyamazisha kwa mkono, akataka nimweleze taratibu. Nikamweleza kwa mfano wa tumbaku. Ukiweka mbolea shamba zima, nikasema, mavuno yakija mazuri hujui kama ni mbolea au ni mvua. Lazima uache matuta mengine bila kitu.

"Kwa hiyo sisi ndio matuta yasiyowekwa mbolea."

"Ndiyo, kaka!"

"Na mtu akiyamwagia mbolea kwa siri, amekuharibia kazi."

Nilipiga makofi. Miaka yote ile, mtu wa kwanza kwetu kuielewa kazi yangu alikuwa huyu aliyeishia darasa la saba. Nikamwambia angekuwa profesa. Akacheka, akakohoa kidogo, akalaumu vumbi, nami nikalikubali vumbi. Furaha ilinijaa hata kikohozi sikukisikia.

Miezi ikaenda. Kaka aliacha kunipigia simu, akawa ananiandikia ujumbe. Nilimtania kwamba amekuwa kijana wa mjini, hataki tena kuongea. Akajibu kwamba bando la dakika limeisha. Kila mara bando la dakika limeisha, na mimi mwenye digrii zangu sikujiuliza.

Zamu yao ilipofika, gari likaenda kijijini kwetu, na daktari wa gari akanipigia. Hakuzunguka. Alisema ndugu yako ana kifua kikuu cha muda mrefu, juu yake lipo vumbi la mawe, na mapafu yameharibika sana. Nilifunga safari siku hiyohiyo. Nilimkuta amekaa kwenye kiti mlangoni, shati limemzidi. Hata salamu sikumaliza, nikaanza kufoka. Zahanati si iko hapo? Kwa nini hukwenda?

Wifi ndiye aliyejibu. "Nimemwomba mpaka nikachoka. Nikamwitia bodaboda, akairudisha."

"Ungesema tumekuharibia," kaka alisema, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Mdogo wangu, mimi ndugu yako niende kupimwa kabla ya zamu? Na wenzangu wa karasha niliwaambia hivyo hivyo. Tusubiri."

Nilikaa chini, kwenye vumbi, na gauni langu la ofisini.

Niliporudi kazini niliomba tuulize zahanati za vijiji vyote vya kusubiri. Majibu yalifanana: watu wa kifua walipungua kuja, wanasema gari la wataalamu linakuja. Si kwetu tu, basi. Tuliwaahidi gari, wakaacha kutembea. Kwa hiyo ile tofauti kubwa kati ya pande mbili, iliyowafanya wakubwa wangu watabasamu, sehemu yake haikuletwa na gari. Ililetwa na watu waliokaa nyumbani wakingoja. Niliandika ukurasa mzima kulieleza hilo. Mkuu wa utafiti aliusoma kwa heshima, akaufanya sentensi moja, akaiweka mwishoni kwenye mapungufu. Nilibisha, nikashindwa, na ripoti ikatoka na jina langu. Katika ukumbi wa mkutano walinipigia makofi.

Najuta. Si kwamba bahati nasibu ni kosa. Hata kesho nitaichezesha, kwa sababu bila hiyo tunadanganyana. Najuta kwamba mtu pekee aliyeniamini kikamilifu alikuwa anahesabika kati ya wagonjwa wa upande wa kusubiri, na ugonjwa wake uliipendezesha kazi yangu.

Kaka alimeza vidonge vyote na kifua kikuu kikapona. Mapafu hayakurudi. Hawezi karasha, hawezi jembe, na kutoka kitandani hadi mlangoni anasimama njiani. Nilipokwenda kumsalimia mwezi uliopita, wifi alikuwa anapepeta mchele uani. Kaka alikuwa amesikia redioni kwamba magari ya eksirei sasa yatapelekwa wilaya nyingine. Akanishika mkono.

"Sasa niambie," alisema. "Sisi wa kusubiri, tulisaidia?"

Nilimtazama usoni. "Mlisaidia, kaka."

Akageuka taratibu kumwelekea mkewe, akavuta pumzi mpaka zikamtosha.

"Si nilikwambia?"