Mama Afrakoma Aijaribu Diski Mpya

Mama Afrakoma aliandika kwenye daftari: "Siku ya kwanza. Sekunde kumi na nne." Kisha akaitazama tena saa ya ukutani, maana hakuyaamini macho yake. Kwa miaka tisa kompyuta yake ilikuwa ikijikokota dakika kumi na moja nzima kabla ya kuwaka, ikikwaruza ndani kama mtu anayetafuta funguo gizani. Sasa hata hajakaa sawa kitini, imeshaamka, inamsubiri yeye.

Pale mtaa wa Bantama, mjini Kumasi, nani asiyemjua? Alipiga taipu miaka ishirini na tisa katika ofisi ya wanunuzi wa kakao. Alipostaafu akanunua kompyuta ya mtumba, akaiweka sebuleni na kuanza kutengeneza vijitabu vya mazishi: picha ya marehemu, nyimbo, na wasifu. Huo wasifu ndio uliompa jina. Mtu alikwenda msibani Jumamosi kwa ajili ya wali na heshima, akasoma kijitabu cha Mama Afrakoma, akalia kuliko wafiwa. Ukimuuliza maneno anayatoa wapi, anakuonyesha ile kompyuta. "Nakaa hapa, yanakuja."

Fundi Nimako, mwenye duka la kompyuta, ndiye aliyemletea seti ya kuiongezea kasi: diski mpya nyembamba kama biskuti, waya, skrubu nne na bisibisi ya kitoto. Alinakili kila kitu kutoka diski ya zamani, akafunga mpya, na ya zamani akamwachia kwenye bahasha.

"Ijaribu wiki mbili, mama. Ukiikataa, naichukua. Ila uniandikie unavyoiona, niwasomee wateja dukani."

"Niandike na mabaya?"

"Mabaya gani tena? Utayatafuta mpaka uchoke!"

Kweli hakuyaona. Kelele hakuna, joto hakuna, picha zinafunguka kufumba na kufumbua. Kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini hapa kidonda hakikuonekana. Wafiwa walipofika, kabla hajawapa hata maji ya kunywa, kompyuta ilikuwa imeshawaka, inameremeta mbele yao. Ikawa kama aibu kuiacha ingoje. Akauliza jina, tarehe ya kuzaliwa, watoto wangapi, kanisa gani. Robo saa tu, watu wamesimama wanaaga. Siku moja alimaliza familia tatu kabla ya chakula cha mchana. Akaandika: "Siku ya tisa. Nzuri sana."

Siku ya kumi na moja, Alhamisi, Mzee Asiamah akarudi na kurasa alizopewa azihakiki. Alikuwa dereva wa malori ya mbao zamani, na mkewe Birago alikuwa azikwe Jumamosi. Alikaribishwa kiti, hakukaa.

"Mama, karatasi yako safi. Nimeisoma mara mbili. Sasa niambie, aliyekufa ni nani?"

"Si mkeo, mzee? Jina si hilo hapo juu?"

"Jina nimeliona. Mtu sijamwona. 'Mcha Mungu na mama mwema.' Hata yule dada yake mgomvi utamwandika hivyo hivyo! Mwaka juzi ulimwandika kaka yangu. Niliposoma, nilimsikia akikohoa."

Mama Afrakoma alizisoma zile kurasa, moyo ukamshuka. Mzee alisema kweli. Akafungua za familia ya jana, na za juzi: wote wacha Mungu, wote mama wema. Vidole ni vyake, kiti ni kile kile. Maneno yamekwenda wapi? Kwanza aliona haya, kisha akashikwa na woga, kwa sababu keshokutwa Birago angefukiwa bila mtu kumweleza, na mazishi hayarudiwi. Hakujua ashike lipi aache lipi. Macho yakaangukia ile bahasha.

Akampigia Nimako. "Njoo unirudishie diski yangu. Hukunakili vyote."

Nimako alifika anahema. "Mama, nimenakili mpaka herufi ya mwisho!"

"Maneno mazuri yamebaki humu."

"Jamani! Maneno hayo yanakaa kichwani mwako, si kwenye diski!"

"Kichwa nimekuwa nacho siku zote hizi. Mbona hayakuja? Fungua."

Nimako akamgeukia mzee, apate mtetezi.

"Fanya unaloambiwa, fundi," alisema Mzee Asiamah. "Mimi nazika keshokutwa."

Skrubu nne zikatoka, zikarudi, fundi ananung'unika. Akabonyeza kitufe. Kompyuta ikaanza kukwaruza, kioo cheusi tii.

Wote watatu wakakikodolea macho. Mama Afrakoma hakujua aiweke wapi mikono yake, akaenda kuleta maji. Mzee akanywa, ndipo akaketi. Kwa kukosa la kusema, mama akamuuliza ameshindaje.

"Nimeshinda jikoni, natafuta chumvi. Miaka arobaini na miwili sijui chumvi inakaa wapi! Birago alikuwa akinikasirikia anaificha, ananipikia mchuzi chapwa, halafu anakaa pale ananitazama nikila. Nami nakula, nasema mtamu. Basi atacheka huyo mpaka ajifute machozi." Akaizungusha bilauri mkononi. "Jana binti zake walinipikia wenye chumvi. Haukupita kooni. Siku ile tunampeleka hospitali, garini, akanivuta shati, akaniambia, Asiamah, chumvi iko..."

Kompyuta ikalia mlio wake wa kukaribisha. Kioo kikang'aa. Mzee akajiweka sawa kitini.

"Haya, imewaka. Niulize hizo tarehe."

Nimako akaashiria kwa kidevu: anza, mama. Mama Afrakoma akaitazama kompyuta, akamtazama mzee, na bado hakuelewa diski ipi ina nini. Akainama chini ya meza, akashikilia kitufe mpaka kioo kikazima, kisha akakibonyeza tena ianze upya.

"Bado haijawaka, mzee," alisema. "Chumvi iko wapi?"